Wiki ya mziki wa laivu Mbeya, toka Jumatatu mpaka Jumapili

Kila mgeni akishuka Mbeya, hasa hawa wa kutoka Dar, swali ni lile lile, jamani hapa mziki wa laivu mnapigia wapi, afu akizunguka Jumatatu usiku pale Mwanjelwa akakuta spika za dijei tu anaenda kusimulia kwao kwamba Mbeya hamna bendi. Zipo. Mimi napiga gita la besi hapa hapa mjini na nakwambia zipo, ila mziki wa huku unafata ratiba ya wapigaji wenyewe, haufati mabango, usipojua leo ni siku gani utapita nje ya mlango na usisikie kitu. Mwezi huu wa saba bendi yetu ilisimama wiki moja maana mwimbaji wetu alipata msiba kwao Rungwe, na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayepiga kinanda kanisani kule Makambako alikuwa amekuja kunisalimia, nkamwambia basi twende tuzunguke kote, safari hii tukae upande wa wasikilizaji. Kila siku nimeandika tulienda wapi na tulisikia nini, ukija fata hivyo hivyo.

Jumatatu

Shoo hamna. Lakini usilale, Jumatatu mchana ndo mazoezi, na kwa mtu anayependa mziki kwelikweli mazoezi yana utamu ambao Ijumaa huupati. Tulienda Soweto, mtaa wa hapa hapa Mbeya, baa moja ambayo usiku inajaa, mchana viti vimepinduliwa juu ya meza, dada anapiga deki, na kule mbele jamaa wanne wanapiga bila hata maiki. Ukifika sehemu kama hii usiende moja kwa moja kwa wapigaji. Anza na mwenye vyombo, msalimie, mwambie umekuja kusikiliza, nunua hata soda. Mwenye vyombo ndo mwenye neno la mwisho, magita ni yake, amplifaya yake, drams zake, kesho akikasirika anafunga stoo na bendi haipo, hata kama wapigaji wote wapo na afya zao.

Kwenye mazoezi unasikia wimbo unavyojengwa. Mpiga gita la solo anatoa kamstari kake, wa gita la rithimu anajibu, besi linakaa katikati linawashika wote wawili wasikimbie, wakikosea wanarudi pale pale mara tano mara sita. Walikuwa wanafanyia kazi sehemu ya kutoka kwenye rumba ya taratibu kuingia chemko, ile sehemu ya mwisho ambayo vijana sa hivi wanaiita sebene, na shida yao ilikuwa drams anaingia mapema. Mdogo wangu alikaa kimya saa nzima, afu akanong'ona, kaka, kumbe kuingia chemko kunaamuliwa na besi. Ndiyo mdogo wangu. Ndo maana nimekuleta huku kwanza.

Yule anayepiga solo ni mzee wa Iringa, akatukalisha baadae akatusimulia Tancut Almasi. Vijana wengi hawajui kwamba Iringa ilikuwa na bendi kubwa namna ile, ilikuwa ya kiwanda cha kuchonga almasi, miaka ya 80, na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa walikuwa humo. Zama zile mashirika na jumuiya ndo walikuwa wenye vyombo, NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na mwanamziki alikuwa mwajiriwa kabisa, ana mshahara mwisho wa mwezi. Mashirika yalipoanza kuyumba na bendi nazo zikayumba, vyombo vikabaki kwa mtu mmoja mmoja mwenye hela. Mzee alivyokuwa anasema hayo mkono wake haukuacha kutembea kwenye nyuzi hata sekunde. Mimi naamini mji huu una deni kwa wazee wa aina hii, na deni lenyewe linalipwa kwa kwenda kuwasikiliza wakiwa bado wanapiga.

Jumanne

Jioni kanisani. Najua mtu wa baa atasema kanisani tena, lakini nisikilize, Mbeya bila kwaya huwezi kuielewa. Wamoravian na Walutheri walifika huku Rungwe na Unyakyusa 1891, na toka hapo kuimba kwa sauti nne kumekaa kwenye damu ya watu wa nyanda hizi, soprano, alto, tena, besi. Tuliingia kwenye mazoezi ya kwaya moja ya Moravian, mwalimu hana kinanda, ana fimbo na ubao, ameandika do re mi kwa chokaa na kina mama waliotoka sokoni muda huo huo na vikapu vyao wanasoma ile kitu kama wanasoma gazeti. Anawafundisha sauti moja moja, afu anawaunganisha, na ile mara ya kwanza sauti nne zinapokutana ukuta unatetemeka, hapo hamna spika hata moja.

Makanisa ya Kipentekoste ni habari nyingine, kule ndo kuna drams, kinanda, besi, na kila kijana wa Mbeya unayemuona anapiga vizuri baa, mfatilie, alishikia chombo kanisani. Mimi mwenyewe huko huko. Sehemu nyingine hamna anayekupa gita la laki kadhaa ujifunzie bure kila Jumanne na Alhamisi. Kwa hiyo ukitaka kujua nani atakuwa mpigaji mkali hapa mjini miaka ijayo usiende studio, nenda mazoezi ya kanisa, kaa benchi la nyuma, na ukiondoka wasalimie.

Jumatano

Siku kavu. Tulishinda mjini, tukaenda Kabwe kutafuta nyuzi za gita, tukapata za solo, za besi hazikuwepo, za besi huku mara nyingi unaagiza Dar zinakuja na basi. Kama wewe ni mpigaji unakuja kutembea, njoo na nyuzi zako na jeki zako. Jioni tukala ndizi na nyama, tukalala mapema.

Alhamisi

Hii ndo siku ambayo watu wa nje hawaijui kabisa. Alhamisi baa za wastani, maeneo ya Mafiati, Ilomba, mpaka kule Sae, zinaweka mpiga kinanda mmoja na mwimbaji mmoja, labda na mtu wa solo pembeni. Kiingilio hamna. Wanaanza saa mbili, watu wamekaa na nyama zao, wengine hawaangalii hata jukwaani.

Kuna ubishi mkubwa kuhusu hii kitu, wenzangu wengi wanasema kinanda chenye biti ndani si laivu, ni kama kuimba juu ya fleshi yenye mziki uliorekodiwa. Mimi sikubaliani na ntaeleza kwa nini. Anayeimba juu ya fleshi wimbo ukiwa na dakika nne ni dakika nne, mama akiinuka kucheza wimbo unakatika anarudi kukaa. Yule jamaa wa Ilomba tuliyemkuta Alhamisi, mkono wa kushoto unaita kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, wa kulia unapiga kama solo, macho yako kwa watu, akaona meza ya kina mama wa kikoba wameanza kutikisa mabega akaacha kuimba beti, akazungusha kiitikio, akaongeza spidi kidogo, kidogo tena, mpaka meza nzima imesimama, afu ndo akawaletea beti la pili. Biti ni ya mashine sawa, lakini maamuzi ni ya mtu, na kwangu mimi laivu ni maamuzi. Kingine, ukae ukijua kwa nini baa zinachagua hawa wawili watatu badala ya bendi nzima. Si ubahili peke yake. Kuna habari ya kelele, NEMC, wale wa usimamizi wa mazingira, wamekuwa wakali kwa baa zinazopiga mziki mpaka majirani hawalali, na kinanda unapunguza kwa kidole kimoja ila drams huwezi kuipunguza, drams ikipigwa imepigwa. Mwenye baa anapiga hesabu zake hapo.

Sasa kuhusu kutunza. Huku mtu akikukuna roho unainuka unaenda kumtunza, buku, buku mbili, buku tano, ulichonacho. Unamwekea mkononi au kwenye kile kibakuli pale mbele ya kinanda, ukicheza kidogo wakati unaenda ni vizuri zaidi. Usimrushie. Usimwekee mdomoni wala kifuani hasa kama mwimbaji ni dada, tumeona sana hayo na yanaudhi, dada yuko kazini. Na kama umempenda mpigaji basi mtunze mpigaji, maana ya mwimbaji mara nyingi yanabaki kwa mwimbaji, jamaa wa kinanda aliyebeba wimbo wote anaondoka na nauli ya bajaji. Sisi tulimtunza wa kinanda, alishtuka, akatuinamia kwa mikono miwili akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Saa nne akamwita mdogo wangu apande. Alijua vipi kwamba ni mpigaji, vidole, alikuwa anagonga meza muda wote. Wakapiga nyimbo tatu, mmoja anashika kodi mwingine anapamba, na mdogo wangu ambaye kanisani amezoea kufata kitabu ilibidi afate mabega ya wacheza. Nilifurahi sana.

Ijumaa

Ijumaa ni bendi kamili na tulirudi Soweto kwa wale wale wa Jumatatu. Shoo imeandikwa saa mbili, wanaanza saa tatu na kitu, hiyo kila mtu anajua, lakini wewe fika saa mbili na nusu maana viti vya mbele vinaisha. Vaa koti. Sisemi kwa mzaha, mji uko juu kiasi cha mita 1,700 na Julai usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na baa nyingi za bendi ziko wazi pembeni.

Baridi hiyo ina mambo yake na mziki ambayo mtu wa Dar hawezi kuyajua. Nyuzi za chuma zikipoa zinajivuta, sauti ya gita inapanda, unatyuni, yaani unaweka sauti za nyuzi sawa, nje kabla ya shoo vizuri kabisa, afu unaingia ndani watu wamejaa, taa zinawaka, vidole vimepata moto, nyuzi zinalegea, gita linashuka, na kinanda chenyewe hakipandi wala hakishuki, kiko pale pale. Nyimbo mbili za kwanza hapa Mbeya mara nyingi zina uchachu kidogo kwa sababu hiyo. Wapigaji wazoefu wanaweka magita jukwaani nusu saa kabla yazoee joto la ndani na wanatyuni tena baada ya wimbo wa pili, mzee wa solo anafanya hivyo huku mwimbaji anawasalimia watu, salamu ndefuu, kumbe anamnunulia mwenzake muda. Ukisikia mwimbaji wa huku anataja watu wa meza zote kuanzia Uyole mpaka Mbalizi ujue nyuma yake kuna mtu anatyuni.

Seti ya kwanza yote ilikuwa kukopi, rumba za zamani, zouk, na za vijana wa sa hivi zilizogeuzwa kuwa za bendi. Silaumu, ndo zinazolipa. Saa tano hivi, watu wameshachangamka, wakaingiza wimbo wao wenyewe, ule ule waliokuwa wanahangaika nao Jumatatu. Mimi na mdogo wangu tukashikana mikono kabisa. Rumba ikaenda, beti mbili, kiitikio, besi likakaza, na drams safari hii akasubiri, akasubiri tena, akaingia palepale panapotakiwa. Watu waliokuwa wamekaa toka saa mbili wakainuka bila kuitwa. Hawajui ule wimbo, hawajawahi kuusikia redioni, ila wameinuka. Hapo ndo napoona kosa la kusema watu wa Mbeya hawapendi nyimbo za bendi zao, wanazipenda, ila zinaletwa saa tano wakati nusu ya watu wameshaenda kuwahi bajaji. Bendi zangu, leteni nyimbo zenu saa nne. Tafadhali.

Jumamosi

Siku ya harusi na siku ya wapigaji kupata hela ya kweli. Ukumbini huwezi kuingia bila kadi na usijaribu, michango ya watu ile. Lakini mchana barabarani ni bure. Kaa maeneo ya Mafiati au panda mpaka Sokomatola kuanzia saa nane, utaona msafara, gari ya wazi mbele imejaa matarumbeta, nyuma yake bibi na bwana, nyuma yake magari ya ndugu yanapiga honi. Vijana sita saba wamesimama kwenye gari inayotembea, inaruka matuta, na bado wanashikilia wimbo, mwenye ngoma kubwa amejifunga na mkanda asianguke. Kupuliza shaba huku unatikiswa midomo inapigwa na chuma, waulize, wengi wana alama. Wengine walijifunzia kanisani pia.

Jioni kulikuwa na shoo ya msanii wa Bongo Fleva mjini, tulipita tukasikiliza nje, ilikuwa pleibeki, anaimba juu ya wimbo uliorekodiwa. Naandika hili kwa heshima maana mji huu umetoa watu, Sugu ametoka hapa akaja kuwa mbunge wetu 2010 mpaka 2020, Rayvanny ametoka hapa akachukua tuzo ya BET 2017, na tunajivunia wote. Ila kijana anayeimba leo Mbeya anawaza studio na biti, hawazi wapigaji, na wapigaji wapo mtaa wa pili wanasubiri harusi ya Jumamosi. Nikiwa promota ningetafuta wapigaji wanne tu, niwaweke nyuma ya hao vijana, mazoezi wiki mbili, afu tuone uwanja utakavyokuwa.

Jumapili

Ibada ya kwanza asubuhi tukaisikia ile kwaya ya Jumanne, sasa wamevaa sare, mwalimu hana fimbo, wimbo umekaa. Tukatoka tukaenda Uyole tukapanda gari ya Kyela. Najua hii si mjini tena, lakini wiki ya mziki wa huku ikiishia kwenye magita inakuwa haijakamilika.

Unateremka Tukuyu, migomba na chai pande zote, masikio yanaziba, baridi inabaki nyuma, na ukifika Kyela umevua koti na sweta, kule ni chini karibu na Ziwa Nyasa, joto. Msimu huu mpunga mwingi umeshavunwa, watu wana nafasi na wana hela, ndo muda wa ngoma. Tulikuta ngoma ya mapenenga. Wanaume wamejipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi zimevutwa mpaka magotini, viatu vinang'aa, wanatembea taratibu kama wanajeshi kwenye gwaride, na kila mmoja ana penenga lake la kibuyu mdomoni, kina kautando kembamba ambako ndo kanatoa ule mlio wa kukwaruza. Ng'ambo kule Malawi wanayo ndugu yake, malipenga, na mababu waliichukua kwenye beni, ngoma ya kuiga gwaride, na mabrasi ya wanajeshi wa wakoloni, wakatengeneza shaba zao kwa vibuyu vya shambani. Mistari inageuka pamoja, bega linashuka pamoja, na hamna anayehesabu kwa sauti.

Kabla ya raundi ya pili mwenye ngoma kubwa akaitoa pembeni, akawasha majani makavu ya migomba, akaizungusha juu ya moto, anagonga, anasikiliza, anarudisha, anagonga tena. Ngozi inafata hali ya hewa vilevile. Mdogo wangu akasema kaka huyu anatyuni, nkamwambia eeh, huyu anatyuni. Akaenda kumsalimia yule mzee kwa kupiga goti kidogo, shikamoo babu, akaomba aguse ngoma. Mzee akamwachia agonge pembeni halafu katikati, akamwonyesha sauti ya pembeni inapanda kwanza na ya katikati inachelewa, ukiiondoa motoni mapema unapata ngoma yenye sauti mbili zisizoelewana. Wakazungumza muda mrefu, mimi nikarudi kwenye mistari.

Kuna mashindano mengine, vijiji na vijiji, walisema wiki mbili zijazo mpunga wa mwisho ukishatoka. Kufika ni rahisi, magari ya Kyela yapo Uyole toka alfajiri, kurudi ndo uangalie, saa kumi na moja uwe barabarani vinginevyo utalala, na kulala Kyela jiandae na mbu. Wacheza ngoma nao watunze, pale hela inapelekwa kwa kiongozi wa mstari, atagawa mwenyewe.

Mdogo wangu amerudi Makambako na basi la asubuhi. Sisi bendi yetu inarudi kazini Alhamisi, na wale wa Soweto wapo Ijumaa kama kawaida, mzee wa solo amesema wimbo wao ataupeleka saa nne. Fika saa mbili na nusu, kaa upande wa kushoto karibu na besi, upande wa kulia spika moja imepasuka.